Aliyeshika Kamera

9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Januari ilifika imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalisomeka, hata yale ya kunigombeza. Huku hatujambo. Shemeji yako bado anahangaika na mabomba ya watu. Wiki jana alizibua sinki la shule akatoa kijiko, soksi na jino la bandia, na hakuna mwalimu aliyekubali kuwa jino ni lake. Mimi nasuka. Mwisho wa mwezi nasuka mpaka vidole vinakufa ganzi, siku nyingine nakaa mlangoni kuhesabu wapita njia. Mwanao mzima kabisa. Tangu umpe jina la Chiriku hajafunga mdomo, na nadhani ulimroga nalo.

Sasa sikia. Jumapili tulimpeleka kasri, lile jumba la wafalme wa zamani ulilozoea kuliona kwenye kalenda yangu ukutani. Tulitoka asubuhi na mapema, shemeji yako kafunga tai kana kwamba mfalme mwenyewe ndiye aliyetualika. Mlangoni unapewa vifuko vinene vya kitambaa uvae juu ya viatu, usije ukakwaruza sakafu. Vya shemeji yako kimoja kikapasuka pale pale, kwa ile miguu yake, akawa anatembea nacho mkononi. Chiriku akagundua kuwa ukivaa vile unateleza. Basi akateleza toka picha ya mfalme mmoja hadi ya mwingine, ukumbi mzima, mlinzi nyuma yake anasema "taratibu, binti, taratibu," na yeye anajibu "siwezi, sakafu ndiyo inanipeleka."

Chumba cha kiti cha enzi alikitazama, akauliza kwa sauti, "Mbona hakuna mtu? Kaenda kazini?" Halafu, "Mfalme alikuwa anakojoa wapi?" Mtembeza wageni akakohoa. Mimi nikataka ardhi ipasuke, lakini shemeji yako akasogea mbele, akasema swali la mtoto ni zuri, na yeye angependa kujua mabomba yalipita wapi. Tulisimama pale robo saa tukiongelea maji taka ya wafalme.

Chumbani kuna kitanda chenye mapazia mazito pande zote. Chiriku akawatangazia wageni wote kwamba mama yake anafua mashuka mia kwa siku na hayo mapazia angeyamaliza kabla ya chai. Mama mmoja mgeni kakutumia salamu. Zipokee.

Kisha tukaenda bustanini tukala mkate na mayai ya kuchemsha. Tulirudi jioni, jua bado linachoma, Chiriku kalala begani kwa baba yake mdogo. Hayo ndiyo yote. Nimekuwekea picha moja.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mashine kubwa ya kupiga pasi imekufa, na sasa tunapiga mashuka ya hospitali nzima kwa mkono, watu wanane kwenye meza moja ndefu. Mwenzangu wa chumbani anakoroma kama gari lisilotaka kuwaka. Msimamizi wetu, ambaye hacheki hata siku ya mshahara, nilimsomea habari ya mfalme na choo, akaenda kucheka stoo ili tusimwone.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nililia, kwa sababu mwanangu anateleza kwenye sakafu ambayo siioni. Ya tatu nikaanza kufikiri, na unajua nikifikiri inakuwaje.

Picha ni nzuri. Wewe kushoto, shemeji kulia na kifuko chake kilichopasuka, Chiriku katikati kwenye ngazi, mikono kaikunja vizuri, katulia. Mtoto asiyejua kutulia! Na anamchekea mwenye kamera. Si ile ya kuambiwa "cheka". Anamchekea mtu ambaye amekwishamzoea. Mtoto huyu mbele ya kamera hujificha nyuma ya sketi, ndivyo ulivyoniandikia mwenyewe Desemba.

Nyinyi hamna kamera. Mlikwenda watatu, na wote watatu mmo pichani. Nani aliwapiga?

Na jingine. Umeniandikia kila kitu, mpaka mayai. Halafu toka mayai umeruka moja kwa moja jioni. Mchana wenu umekwenda wapi? Ndiyo maana nilikataa tuwe tunapigiana simu tu. Kwenye simu unasema "wote wazima" na laini inakatika. Barua haikatiki.

Mbusu Chiriku mashavu yote mawili.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Tu wazima wote. Chiriku kaanza kujisuka mwenyewe, yaani kachukua kitana changu na mwanasesere wake sasa ana upara.

Swali lako la kamera limenichekesha. Pale kasri wapo wapiga picha wa kupiga wageni, unasimama kwenye ngazi unapigwa, ndiyo kazi yao. Ni mpita njia tu. Alimchekesha mtoto, mtoto akacheka. Na mchana mvua ilinyesha, tukajibanza chini ya paa hadi ikakatika. Ndiyo maana sikuandika, nikuandikie nini, matone?

Lakini na mimi nina langu. Tangu lini umekuwa askari? Kuna mtu anakupelekea maneno huko? Mwenye duka wa hapa mkabala amekuwa akiniangalia vibaya, na nakumbuka mlikuwa mnaelewana. Kama una mtu wako anayenichunga, niambie, nimwekee kiti kabisa aone vizuri.

Mtoto wako ananenepa. Hilo nalo waambie wakuandikie.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Umesahau kuniuliza hali, nami nitakusamehe, kwa kuwa mwenye haraka ya kuficha husahau adabu. Mimi mzima.

Hakuna anayeniletea maneno. Unajisema mwenyewe. Machi umeandika mlirudi jua bado linachoma. Aprili umeandika mvua ilinyesha. Haya, labda ilinyesha ikaisha. Lakini wewe, msusi, ambaye ukidondokewa na tone moja barabara nzima inajua habari za nywele zako, unyeshewe Jumapili na usiniandikie hata sentensi? Uongo wako hauna hata mwavuli.

Sasa nitasema mimi unachokificha. Ni yule dereva. Amerudi.

Nimelala na wazo hili wiki sita. Aliniacha na mimba ya miezi sita, akasema anapeleka mzigo wa saruji na atarudi Ijumaa. Ni mwaka wa tano na saruji haijafika. Sasa amesikia niko mbali, mtoto kakua, ana maneno matamu, na wewe moyo wako ni kama mlango wa choo cha stendi, kila mtu anasukuma anaingia. Mmekutana naye kasri ili majirani wasiwaone. Kakaa na mwanangu mchana kutwa, kamzoesha, kampiga picha. Na wewe ukaniwekea hiyo picha ndani ya bahasha kana kwamba mimi ni mjinga.

Nilikuachia mtoto wewe, sikumwachia mtu mwingine. Mwanamke anayefua mashuka ya wagonjwa wa watu miaka miwili ili mwanawe asome anahitaji kitu kimoja tu, kulala akijua mwanawe yuko mikononi mwa nani. Usiponiambia kweli, nitamwandikia mama mkubwa aje amchukue Chiriku kabla Julai haijaisha. Na unajua mama mkubwa hajui kuchelewa.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo.

Si dereva. Nakuapia kaburi la mama, sijamtia machoni mtu huyo tangu siku aliyopanda lile lori. Mvua haikunyesha. Nilidanganya, na shemeji yako aliniambia tangu mwanzo kwamba sijui kudanganya, nizibe mdomo tu.

Lakini nimempa mtu ahadi kuwa sitasema, naomba usinibane. Hakuna baya lililompata mtoto. Alikuwa na homa siku mbili, imepita, sasa yuko juu ya meza anavihutubia viatu.

Usimlete mama mkubwa. Sijabahatika kupata wangu, dada, hilo unalijua na hujawahi kunisimanga nalo. Akiondoka huyu kwa kosa langu, sijui nitarudi vipi katika nyumba hii.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika saa ya zamu. Niliifungulia pale pale kwenye meza ya pasi. Nikajiuliza, kuna mtu gani duniani wa kuahidiwa na wewe kwa siri, halafu usiivunje ahadi hiyo kwa ajili yangu mimi niliyekulea? Si rafiki. Si dereva, nisamehe kwa hilo. Mtu unayemwogopa na kumhurumia kwa pamoja.

Nikaitoa picha, nikailaza kwenye shuka jeupe, nikaacha kutazama sura. Miezi mitatu nilikuwa natazama cheko la mtoto tu, namtafuta dereva nyuma ya kamera. Leo nikatazama mikono.

Mkono wa kulia ndani ya wa kushoto. Vidole gumba vimefichwa. Viwiko vimeachia mbavu kidogo. "Shika ndege. Usimbane, na asiruke." Mdogo wangu, watoto wa mtaa mzima walipigwa picha hivyo katika studio yetu. Wewe ukiwa na miaka mitatu, mimi sita, pacha wa mwalimu, mtoto wa muuza mkaa, wote tumeshika ndege. Mimi ndiye niliyekuwa nawapanga kwenye kistuli wakati yeye yuko chini ya kitambaa cheusi. Nilipaswa kuijua picha hii nikiwa nimefumba macho. Mtu aliyezaliwa studio, akashindwa kusoma picha!

Ni baba.

Unakumbuka alivyonifanya, au wewe ulikaa upande wa aliyekulisha? Picha yangu ilikaa katika dirisha la studio miaka ishirini, alikuwa akiibadilisha kila nikikua. Mimba ilipoonekana hakunipiga, hakunitukana. Alikwenda dirishani mchana kweupe, watu wa foleni ya mkate wanatazama, akaitoa picha yangu akaweka ya bibi harusi asiyemjua hata jina. Kisha akarudi ndani akaniambia studio haina kazi ya msaidizi tena. Ningepigwa ningepona haraka.

Mama hakuwepo tena wa kunitetea. Nilibeba mfuko mmoja, nikamwamkia shikamoo ya kuaga, hakuitikia.

Na wewe umemchukua mwanangu, ile ile mimba, ukampeleka akapangwe mikono na yeye. Sema sasa. Yote. Mpaka nitakapoamua, mama mkubwa bado hajafungasha.

Dada yako


20 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu naijua.

Nitasema yote. Januari nilikuwa namsuka mteja mmoja, akawa anasimulia safari yao ya kasri, kwamba kuna mzee pale kwenye ngazi anapiga wageni picha kwa kamera ya miguu mitatu, na watoto anawaambia washike ndege. Nilimvuta nywele mpaka akapiga kelele. Studio ilifungwa mwaka wa pili baada ya wewe kufukuzwa, hilo nilikuficha pia. Mimi mwenyewe sikujua alikohamia. Hakuniaga.

Nikamwambia shemeji yako. Akasema mambo ya damu hayazibuliwi kwa waya, tuache. Sikuacha. Nilijidanganya kwamba nitamwona kwa mbali tu, nijue kama anakula.

Tulipomaliza mayai nilimwona. Kapungua, dada. Koti ni lile lile la kahawia lakini sasa linamvaa yeye. Chiriku akanitoka mkononi, akaenda kumuuliza kwa nini anajificha chini ya kitambaa, ana deni? Akacheka. Mimi sikumsikia baba akicheka tangu mama afe. Nikafika, tukatazamana. Nikamwambia huyu ni mtoto wa jirani, tumemleta matembezi.

Akampanga mikono, akatupiga. Kisha akamuuliza Chiriku, kama anavyowauliza watoto wote, "Mama yako anafanya kazi gani?" Na unamjua mwanao. "Mama yangu yuko mbali, anafua mashuka ya wagonjwa, mia kwa siku, na alikuwa fundi wa picha lakini picha zikamkataa." Sijui maneno hayo aliyatoa wapi. Labda ulimwambia wewe siku moja ukidhani kalala.

Baba akakaa kwenye ngazi. Wageni wanasubiri foleni, yeye kakaa. Ikabidi shemeji yako aanze kuwaambia watu kwamba kamera imeziba. Chiriku akakaa karibu naye akamwelezea habari za sakafu. Mchana uliouliza umekwenda wapi ulikwenda hapo.

Wakati wa kuondoka alinishika kiganja, akasema, "Usimwambie dada yako. Akijua atamchukua." Nikaahidi. Tumerudi mara tatu tangu hapo. Anamwita Babu Ndege.

Mara ya mwisho niliuliza kwa nini asikuandikie. Akasema ameanza mara nyingi na hajui mtu unamwanzaje mtoto uliyemfukuza. Nikamwambia anza na shikamoo yake uliyoinyima jibu. Nilimwonea huruma na nilitamani kumtikisa, vyote mara moja.

Picha nilikutumia makusudi. Ahadi ilikuwa nisiseme, na mimi sikusema. Nilijua ukitazama vizuri utamwona, ila sikujua utaanza na dereva na kunitia jehanamu miezi mitatu. Ukitaka kumchukua Chiriku mchukue, ni wako. Lakini mchukue wewe mwenyewe, usimtume mama mkubwa.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya zile ulizoandika katikati nikanyamaza. Ulijua nimekasirika. Nilikasirika vizuri, kwa utulivu, mashuka ya hospitali mwaka huu hayajawahi kunyooka vile. Mashine imepona lakini msimamizi ameniomba niendelee kwa mkono.

Kwanza wewe. Ulinidanganya, halafu ukanitumia ukweli ndani ya bahasha ile ile na kukaa kimya uone kama nitauona. Ni akili ya kishetani, na ni ya kwetu kabisa. Mama mkubwa sikumwandikia. Nilikuwa nakutisha, na naona aibu kwamba nilijua pa kukutishia. Mtoto yuko mikononi mwa mtu ninayemjua. Hilo nimelala nalo wiki hizi, nikalala kweli.

Sasa baba. Nimeandika barua nne nikazichana. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, ya nne nilikuwa namuuliza kama bado kifua kinambana usiku wa baridi. Hapo nikajua nimekwisha, hakuna haja ya ya tano.

Nimeomba ruhusa. Nafika tarehe kumi na nne Oktoba, asubuhi, na nitakwenda kasri siku hiyo hiyo. Mwambie. Sitaki umshtukize kama ulivyonifanyia mimi, mzee wa watu aje aanguke kwenye ngazi za wafalme. Mwambie sijasamehe. Sijui kama nitasamehe, si kitu cha kupiga pasi kikanyooka siku moja. Mwambie asikimbie, asijifiche chini ya kitambaa, na asiniambie nisimame wapi.

Wewe na shemeji siku hiyo baki na Chiriku nyumbani. Atalia, mwache alie, ataona jumba hilo maisha yake yote. Miaka mitano baba amekuwa akitafuta mlango wa kuingilia, na kaona afadhali apitie kwa mtoto, kwa sababu mtoto hana alichomkosea. Mwambie mlango huo nimeufunga mpaka kwanza apite wangu. Asinianze na mjukuu. Aanze na mimi, mimi ndiye mtoto wake.

Dada yako